Je, wajua? Kwa nini waliberali wa kale na wa leo hawakubaliani juu ya uhuru

Ukisikiliza habari za Marekani redioni, utaambiwa waliberali ni wale wanaotaka serikali itoze kodi zaidi ili mgonjwa atibiwe na asiyejiweza asaidiwe. Ikifuata taarifa ya uchumi, utasikia sera za kiliberali ni kupunguza kodi, kubinafsisha mashirika na kuliacha soko liamue bei. Kijana mmoja alinikabili na jambo hili barazani, Mji Mkongwe: vipi neno moja libebe maana mbili zinazogombana?

Ugomvi huo umezuka baadaye. Waliberali wa kale walikuwa na hofu moja, nayo ni mkono wa mtawala. John Locke, mwanafalsafa wa Uingereza, mwaka 1689 aliandika kwamba mtu ana haki ya uhai, uhuru na mali yake kabla hata hajawekwa mfalme, na serikali ipo kuzilinda haki hizo. Ikizivunja, raia wanaweza kuiondoa. Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, akaja mwaka 1776 na hoja kali dhidi ya kampuni zilizopewa ruhusa ya kufanya biashara fulani peke yao. Kwa watu hawa, uhuru ni kutoingiliwa. (Haifai kuficha kwamba Locke huyo huyo alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni iliyosafirisha watumwa. Msomaji wa Zanzibar ana haki ya kulijua hilo.)

Je, kutoingiliwa kunatosha? Sisi tunao mfano wetu, na mimi sijaona ulio wazi kuushinda.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, chini ya shinikizo la Waingereza, alitoa amri ya kuiondoa hadhi ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba. Isome amri hiyo taratibu. Mtumwa hakuachiwa huru kwa amri yenyewe. Ilimbidi aende mwenyewe mahakamani kuomba. Bwana wake ndiye aliyestahili fidia. Aliyepata uhuru alitakiwa aonyeshe kwamba ana makazi maalumu na njia ya kujikimu, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Na kama kibanda chake kiko kwenye shamba la mtu, amlipe mwenye shamba kodi ya kukaa hapo. Masuria hawakuingizwa kabisa, wakangoja mpaka mwaka 1909.

Mfikirie mtu huyo anatoka mahakamani, cheti mkononi. Hakuna tena anayemmiliki. Lakini hana shamba, hana jembe lake, na mikarafuu aliyoipalilia maisha yake yote ni ya mwingine. Wengi walibaki pale pale, wakifanya kazi ili waruhusiwe kukaa na kulima muhogo wao chini ya miti ya bwana. Minyororo imeondoka, na hiyo ni neema kubwa isiyopaswa kubezwa hata kidogo. Ila cha kuanzia maisha hakikutolewa.

Pengo hilo ndilo lililowasumbua waliberali wapya wa Uingereza. Huko shida ilikuwa ya viwandani: mwenye njaa akitia saini mkataba wa ujira mdogo, kweli amekubali kwa hiari? T. H. Green, mwalimu wa falsafa Oxford aliyefariki mwaka 1882, alifundisha kwamba uhuru ni uwezo wa kufanya jambo la maana na maisha yako, si kukosa kizuizi tu. Mwaka 1908 serikali ya chama cha Liberal ikapitisha sheria ya pensheni: hadi shilingi 5 kwa wiki kwa maskini wenye miaka 70 na zaidi. Katika miaka ya 1930 Rais Franklin Roosevelt akaibeba fikra hiyo Marekani kwa jina hilo hilo la uliberali. Ndiyo maana kule neno limeelemea upande wa serikali inayosaidia, na waliobaki na Smith wakaitwa waliberali wa kale.

Miaka 70 hiyo hiyo ndiyo Zanzibar iliyoichagua Aprili 2016 ilipoanzisha Pensheni Jamii: shilingi 20,000 kwa mwezi kwa kila mzee, awe alikuwa karani, mvuvi au mama wa nyumbani. Baadaye ikapandishwa. Nilimshuhudia bibi yangu akipokea zake. Alizihesabu mara mbili, akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaniambia, "Dawa ya presha mwezi huu simwombi mtu." Waliberali wa leo wanapotaja uhuru, wanakusudia hilo.

Lakini wa kale nao wasipuuzwe. Friedrich Hayek, mwanauchumi mzaliwa wa Austria aliyewafuata, mwaka 1944 alikubali kwamba jamii tajiri inaweza kumhakikishia kila mtu chakula, nguo na pa kulala. Alichokihofia ni serikali kushika mipango yote ya uchumi, kwa sababu anayeshika riziki yako anakushika na wewe. Pemba hoja hiyo haihitaji kitabu. Mkulima wa karafuu kisheria anauza kwa shirika la serikali tu, na akivusha gunia usiku kwenda Kenya huitwa mtu wa magendo. Serikali inajibu kwamba bei yake inamkinga mkulima na walanguzi, na kuna ukweli ndani yake. Hata hivyo Smith angeuliza: kama bei ni nzuri, kwa nini alazimishwe?

Asubuhi mzee wa Wete au Mkoani anapanga foleni kuchukua pensheni yake, na anataka iongezwe. Alasiri anakaa juu ya jamvi na wajukuu, wanachambua karafuu, makonyo upande huu na punje upande ule, na anataka aachwe auze kwa amtakaye.