Kondoo Kala Mahindi Stoo: Maswali na Majibu

Tumbo la kondoo linacheza vipi?
Tumbo lake lina vyumba 4. Kikubwa, kinachoitwa rumeni, kipo ubavu wa kushoto. Hujikaza na kulegea ili kuchanganya majani na kumwezesha kupiga mbweu gesi itoke.

Nitajuaje kama linacheza?
Weka ngumi kwenye kishimo cha ubavu wa kushoto, nyuma ya mbavu, ukandamize kidogo. Ngoja dakika 2. Utahisi ngumi inasukumwa nje taratibu, mara 1 hadi 2 kwa dakika. Akiwa anakula huongezeka, akipumzika hupungua. Kimya kabisa ni hatari.

Chakula kinahusikaje?
Majani marefu humlazimu kutafuna na kucheua, na mate anayomeza hupunguza asidi. Mahindi, hasa yaliyosagwa, huchacha upesi mno. Asidi hupanda, tumbo husimama, maji ya mwili huvutwa kuingia tumboni. Hapo kondoo huharisha, huyumba, hulala asiinuke.

Kala mahindi jioni, lakini mchangamfu. Nisubiri asubuhi?
Hapana. Dalili huchelewa, mara nyingi saa 12 hadi 36 baada ya kula. Huo uchangamfu ndio unaotuletea kondoo waliokwisha lala chini.

Hata kama bado anacheua?
Hata kama. Usisubiri. Mpigie daktari wa mifugo usiku huohuo.

Nifanye nini daktari akiwa njiani?
Ondoa nafaka yote. Mpe majani makavu tu, na maji kidogokidogo, asijinywee ndoo nzima. Kondoo mkubwa anayesimama na kumeza vizuri, mnyweshe gramu 20 za baking soda (vijiko 4 vya chai) katika nusu lita ya maji ya vuguvugu. Mimina polepole kwenye pembe ya mdomo, kichwa kisiinuliwe juu, la sivyo maji yataingia mapafuni. Aliyelala usimnyweshe chochote.

Jirani kasema nimpe mafuta ya kupikia.
Mafuta hayaondoi asidi. Tafadhali acheni kupoteza usiku mzima na chupa ya mafuta.

Basi mahindi nisimpe kabisa?
Mpe, ila kwa kumzoesha. Anza na gramu 50 kwa siku, ongeza 50 kila baada ya siku 2 au 3, na ale majani kwanza. Usisage. Na stoo ifungwe kwa komeo. Kamba kondoo huisukuma.