Kutoa harufu ya mmea kwa ajili ya sigara maana yake nini

Watu wakisikia tumbaku ina "ladha ya asili" wanadhani mtu kasaga majani kachanganya basi, sivyo kabisa. Kutoa harufu ni kuyatenga yale mafuta yanayoruka hewani, ndo yanayonukia, halafu majani na vijiti unavitupa.

Chukua karafuu. Pale Wawi, Pemba, kuna kiwanda kinachotumia makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki watu wakishachambua karafuu. Makonyo yanajazwa kwenye pipa kubwa la chuma mvuke unapitishwa kutoka chini, na hapa ndo penye utamu wenyewe, kitu kinachonukia kwenye karafuu kinaitwa eujenoli, peke yake kinachemka kwenye nyuzi 254 za sentigredi, ila kikiwa na mvuke wa maji kinapanda nao hata haijafika 100, kwa hiyo hakiungui. Mvuke ukipita kwenye bomba lililopozwa unarudi kuwa majimaji, yanadondoka chomboni, na mafuta yanajitenga yenyewe. Ya mchaichai yanaelea juu, ya karafuu yanazama maana ni mazito kuliko maji, ukichungulia unayaona yametulia chini.

Kwenye sigara, mfano mkubwa ni kretek za Indonesia, zilianzia Kudus kisiwani Java karne ya 19, jina limetokana na ule mlio wa karafuu ikiungua, krek krek. Na karafuu za Unguja na Pemba zimepelekwa sana huko. Wao wanaweka vipande vya karafuu vyenyewe ndani ya tumbaku, halafu wanaongezea sosi ya ladha. Menthol nayo inatoka kwenye mafuta ya mnanaa, yakipozwa sana inaganda fuwele.

Sasa hilo neno "asili" ndo linaniuma, maana eujenoli inatia ganzi, ndo ile ile unayopakwa jino likiuma. Koo likifa ganzi moshi haukwaruzi, mtu anavuta kwa kina zaidi, na lami na nikotini ziko pale pale. Marekani mwaka 2009 walipiga marufuku sigara zenye ladha ya karafuu lakini menthol wakaiacha, inayopooza koo vile vile, Indonesia ikawashtaki Wamarekani kwenye Shirika la Biashara Duniani, na 2012 rufaa ikaisha kwa Indonesia kushinda.