Je, wajua? Mapengo manne ya meno yanaweza kuhitaji vipandikizi viwili tu

Mtu aliyepoteza meno manne ya mbele ya chini, tuseme kwa ajali ya bodaboda, akienda kwa daktari wa meno hapa Dodoma na kuambiwa atawekewa vipandikizi viwili, huuliza mara moja: na hayo mawili mengine? Wapo wanaoondoka wakiamini wanapunjwa. Hawapunjwi. Kwa pengo hilo viwili ni bora kuliko vinne, na ukichukua rula utaona sababu yake.

Kipandikizi ni skrubu ndogo ya metali iitwayo titani inayozamishwa ndani ya mfupa wa taya ili ichukue nafasi ya mzizi. Juu yake hufungwa kiungio, na juu ya kiungio ndipo hukaa jino lenyewe, ambalo mara nyingi ni la kauri. Skrubu nyingi zina unene wa milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa milimita 8 hadi 13. Sasa pima pengo. Meno ya mbele ya chini ni membamba. Kila moja lina upana wa milimita 5 na kidogo, kwa hiyo yote manne huchukua kama 22. Kati ya kipandikizi na kipandikizi inatakiwa ibaki milimita 3 ya mfupa, na kati ya kipandikizi na jino la asili angalau 1.5. Skrubu nne nyembamba za milimita 3.5 ni 14, nafasi tatu za katikati ni 9, pembeni kulia na kushoto ni 3. Jumla 26. Haziingii. Zikilazimishwa, mfupa mwembamba uliobanwa katikati hukosa damu ya kutosha, unasinyaa, na fizi inashuka pamoja nao.

Ndiyo maana huwekwa mbili, huku na huku, kisha daraja, yaani meno manne ya bandia yaliyounganishwa pamoja, linafungwa juu yake. Bati la baraza nalo halisimamishiwi nguzo kila hatua; linataka nguzo chache zilizochimbiwa penye ardhi ngumu. Idadi ya vipandikizi huamuliwa na mfupa ulipo na mzigo utakaobebwa, na idadi ya meno yaliyotoka huja baadaye.

Kwa magego hesabu inabadilika, maana huko nyuma ndiko kwenye kazi nzito. Nyama choma ya mbuzi kule mnadani Msalato, mahindi ya kuchoma, karanga kavu, vyote husagwa na magego. Aliyepoteza magego matatu yaliyofuatana mara nyingi huwekewa vipandikizi viwili, na mara nyingine vitatu ikiwa mfupa ni laini au anasaga meno usingizini. Na pengo likipakana na jino zima, madaktari wengi huepuka kufunga upande mmoja wa daraja kwenye kipandikizi na mwingine kwenye jino hilo. Jino la asili limeshikwa na nyuzi laini zinazoliruhusu kucheza kidogo likiumwa, kipandikizi hakichezi. Ukiviunganisha, kimoja kinavutana na kingine.

Taya nzima ikiwa tupu, wengi hudhani watahitaji skrubu kumi na zaidi. Katika miaka ya 1990 daktari Paulo Maló wa Ureno aliendeleza mbinu ya kubeba safu nzima ya meno kwa vipandikizi vinne: viwili vya mbele vikiwa wima, viwili vya nyuma vikilazwa, wakati mwingine hadi nyuzi 45. Havilazwi kwa urembo. Juu ya magego ya juu kuna uwazi wenye hewa unaoungana na pua, na ndani ya taya la chini unapita mshipa wa fahamu unaoenda kwenye mdomo na kidevu. Ukijeruhiwa mshipa huo, mdomo unaweza kubaki na ganzi. Skrubu iliyolazwa hukwepa sehemu hizo na kuingia kwenye mfupa mzuri wa mbele. Mwenye uwezo mdogo zaidi pia ana njia: mwaka 2002 wataalamu waliokutana Montreal, Kanada, walikubaliana kwamba kwa taya la chini lisilo na jino hata moja, vipandikizi viwili vyenye vifungo vya kushikilia meno bandia ya kuvaa na kuvua viwe chaguo la kwanza. Mimi naiona njia hiyo haizungumzwi vya kutosha. Mzee ambaye meno yake ya bandia yanaelea kila akila ugali hahitaji zaidi ya hapo ili ale kwa amani.

Lakini chuma kinashikaje ndani ya mtu? Mwaka 1952 mtafiti wa Sweden, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza damu inavyopita ndani ya mfupa wa sungura kwa kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kilikataa. Mfupa ulikuwa umekishika. Titani ikikutana na hewa hujivika papo hapo utando mwembamba sana wa oksidi, na mwili hauupigi vita utando huo. Seli za mfupa hujenga hadi kuugusa. Mwaka 1965 Brånemark alimwekea vipandikizi Gösta Larsson, Mswidi aliyezaliwa na kasoro ya taya, na vilimtumikia hadi alipofariki mwaka 2006.

Mfupa huo una masharti yake. Ukipashwa joto hadi nyuzi 47 kwa dakika moja hivi, unaanza kufa. Kwa hiyo daktari makini hatoboi kwa haraka: drili inazunguka taratibu, maji ya chumvi yanamiminika muda wote, anatoboa kidogo na kuinua, kisha anabadilisha ncha nyembamba kwa nene. Sharti la pili ni utulivu. Skrubu mpya ikitikisika zaidi ya sehemu ndogo ya milimita, kama 0.15, panaota kovu laini badala ya mfupa, nayo inalegea. Kusubiri miezi 3 hadi 6 kabla ya kufunga meno ya kudumu kunatokana na hilo. Taya la chini, lenye mfupa mgumu, huwahi. La juu huchelewa.

Wengi huponzwa na subira ya aina nyingine, ile ya kung'oa jino na kulisahau pengo. Mfupa usio na mzizi wa kuushughulisha hupungua, na ndani ya mwaka mmoja ukingo wa taya unaweza kupoteza karibu nusu ya upana wake, sehemu kubwa ikiondoka katika miezi 3 ya kwanza. Anayekuja baada ya miaka kumi mara nyingi inabidi aongezewe mfupa kwanza, na gharama inapanda. Muulize daktari habari za pengo siku ileile ya kung'oa, hata kama fedha huna bado.

Na usikimbilie kung'oa. Huku kwetu kanda ya kati, hasa Singida, yapo maji ya visima yenye floraidi nyingi inayoyatia meno rangi ya kahawia tangu utotoni. Jino la kahawia lililo imara si jino bovu. Rangi inaweza kufunikwa; mzizi wako mwenyewe hauna mbadala unaoushinda.

Kabla ya kukubali kuwekewa, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na umwombe akuonyeshe kwenye picha ya taya mfupa una kina gani na mshipa wa fahamu unapita wapi. Mweleze ukweli kuhusu kisukari, sigara, na dawa za kuimarisha mifupa kama umewahi kuzitumia, maana vyote huathiri kupona. Kijana ambaye taya bado linakua asubiri.

Meno yakishafungwa, kipandikizi hakitoboki kama jino, ila fizi na mfupa unaokizunguka huugua, tena bila maumivu mengi mwanzoni. Chini ya daraja pasafishwe kila siku kwa uzi maalumu au kiburashi chembamba, na damu ikitoka pale unapopiga mswaki, rudi kwa daktari wiki hiyohiyo.