Sinia la mchanga si mchezo jamani

Wazazi wenzangu wa Tanga, juzi mama mmoja huku Makorora kaja kumchukua mwanawe kamkuta kakaa mkekani anachora kwa kidole kwenye sinia la mchanga, akaniuliza, mwalimu, ada nalipa mtoto aje acheze mchanga? Sijamlaumu, maana wengi ndo tunavyofikiri, ila tuongee kuhusu njia hii ya kumfundisha mtoto kusoma kwa jicho, sikio na mkono kwa pamoja.

DHANA: Kusoma ni daftari na penseli, hayo mengine ni michezo.

UKWELI: Mtoto wa miaka minne vidole havijakaza, ukimpa penseli akili yote inaishia kwenye kuishika, herufi hata haioni. Kwenye mchanga anachora m kubwa huku anavuta mmmm, jicho linaona, sikio linasikia, mkono unapita njia ileile. Na si mambo ya jana haya, Maria Montessori, yule daktari na mwalimu wa Italia, alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, mtaa wa maskini, watoto wakawa wanapitisha vidole kwenye herufi za msasa kabla ya kushika kalamu.

DHANA: Vifaa vyake ghali.

UKWELI: Tanga hii hii ya katani? Kata kamba, bandika kwenye boksi kwa gundi, ushapata herufi ya kupapasa. Vizibo vya soda andika silabi kwa maka peni, mtoto anapanga me na za, ukimbadilishia kizibo kimoja tu meza inakuwa meli, utaona anavyoshtuka.

DHANA: Mpe vifaa, atajua mwenyewe.

UKWELI: Hapa ndo tunapoharibu wengi na inaniuma kweli. Mtoto akichora kimya hajajifunza kusoma, lazima kidole na sauti viende pamoja, na sauti yenyewe si jina la herufi, ukimwimbisha be, a, be, a, hilo neno baba atalitoa wapi? Mwambie ba, achore ba, apige kofi moja, halafu ba nyingine. Kwenye tahajia vilevile, ngoma na ng'ombe watoto wanachanganya sana, mi huwa nawaambia watamke taratibu wasikilize kama kuna g inagonga, ngo ipo, ng'o haipo, basi hapo wanaweka punje ya choroko pale pa kile kialama baada ya g. Wakishaiweka kwa mkono mara kadhaa, kwenye daftari hawaisahau kirahisi.

DHANA: Huyu wangu anajifunza kwa kuona tu, yule kwa kusikia tu.

UKWELI: Utafiti haujaonyesha kwamba kumgawia mtoto njia yake moja kunamsaidia. Wote wape vyote.

DHANA: Njia hii ni ya watoto wazito wa kuelewa.

UKWELI: Ni kweli Marekani daktari Orton na mwalimu Gillingham walianzia njia ya namna hii kwa watoto waliokwama kusoma, kwenye miaka ya 1930, lakini wengine pia wanafaidika. Na disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma wanaozaliwa nao watoto wengine, si ujinga wala macho mabovu, shida kubwa ni kuzitenganisha sauti ndani ya neno. Halafu mtoto wa miaka mitano sita kugeuza b ikawa d ni kawaida, usimchape, mrudishe kwenye sinia achore b tena huku anasema ba.