Waliingiaje Brize Norton, na Entebbe wangeweza?

Tangu video ile ya wanaharakati walioingia kambi ya jeshi la anga ya Brize Norton, Uingereza, na kupuliza rangi kwenye ndege ianze kuzunguka kwenye simu za watu, maneno ninayoyasikia hapa Entebbe ni yaleyale: "Ingekuwa kwetu wangelala chini palepale," yaani wangepigwa risasi. Anayasema dereva wa boda, anayasema mzee mstaafu wa jeshi, na juzi kijana niliyemfundisha mwenyewe kazi ya lindo ameniandikia hivyohivyo, "afande, hapa hawafiki." Kazi yangu ni kushauri kuhusu ulinzi wa mipaka ya viwanja vya ndege, na maneno hayo yananitia wasiwasi kuliko video yenyewe.

Kwanza tukio lenyewe. Tarehe 20 Juni 2025, wanaharakati wa kikundi cha Palestine Action waliingia Brize Norton, huko Oxfordshire, kambi kubwa kuliko zote za jeshi la anga la Uingereza. Walivuka uwanja juu ya skuta za umeme hadi zilipoegeshwa ndege za Voyager, zile zinazobeba askari na kuzijazia ndege nyingine mafuta angani. Wakapuliza rangi nyekundu ndani ya injini za ndege mbili, kisha wakaondoka bila kukamatwa na video wakaitoa wenyewe. Polisi walikadiria hasara kuwa pauni milioni 7.

Wengi wamecheka: rangi tu, si waioshe? Injini ya Voyager ni Rolls-Royce Trent 700. Feni yake ya mbele ina kipenyo cha karibu mita 2.5, na mtu mzima anaweza kusimama mdomoni mwake. Nyuma ya feni hiyo kuna safu kwa safu za mapanga madogo, na nafasi kati ya ncha zake na ganda la injini ni finyu mno. Rangi ile haikupakwa kwa brashi. Ilirushwa kwa mitungi ya kuzimia moto iliyogeuzwa kazi, ikasukumwa kwa nguvu hadi pale ambapo kitambaa cha fundi hakifiki. Ikikauka huko haikai sawasawa, panga moja linazidi jingine uzito, na kitu kinachozunguka kwa kasi ile kikikosa uwiano hujitikisa chenyewe. Rangi hiyohiyo inaweza kuziba vitundu vya kupimia hewa. Injinia anayetia sahihi ili ndege iruke hawezi kubahatisha: atapitisha kamera nyembamba ndani ya injini, na ikibidi ataishusha na kuifungua. Mamilioni yanaishia hapo.

Sasa swali la waliingiaje. Watu wanaangalia uzio, lakini uzio wa waya haukuumbwa kumzuia mtu. Kazi yake ni kumchelewesha, na mwenye koleo nzuri ya kukatia waya haumcheleweshi hata dakika moja. Baada ya hapo kinachobaki ni umbali. Chukua mfano wa mita 1,000 kutoka uzioni hadi kwenye ndege (hesabu yangu ya ubaoni hiyo, si ramani ya Brize Norton). Anayetembea atatumia dakika 12. Anayekimbia kilomita 10 kwa saa, dakika 6. Aliye juu ya skuta inayokwenda kilomita 25 kwa saa, hazifiki dakika 2 na nusu. Upande wa pili waweke walinzi: king'ora kilie, mtu atazame kamera, athibitishe kwamba ni binadamu, aite kwenye redio, kikosi cha dharura kiinuke, kipande gari, kifike. Kikosi kinachofika ndani ya dakika 5 ni kikosi kizuri kweli. Mtembea kwa miguu kitamkuta bado yuko njiani. Mwenye skuta kitamkuta ameshamaliza.

Kambi nyingi duniani zilipangwa kwa hesabu ya adui anayekuja kwa miguu, kwa hiyo uwanda mpana uliokuwa unamlinda rubani na ndege yake sasa ni barabara nzuri ya lami kwa mgeni. Mimi naona kifaa kikubwa cha usiku ule kilikuwa skuta, si koleo wala rangi.

Na hesabu yote hiyo inaanza pale tu mlinzi anapojua kuwa mtu ameingia. Asipojua, uzio uwe wa chuma cha pua, atapewa habari na watu wa asubuhi. Mwaka 1996 wanawake watatu waliingia kiwanda cha ndege cha British Aerospace huko Warton, Lancashire, Uingereza, wakaishambulia kwa nyundo ndege ya kivita ya Hawk iliyokuwa inakwenda Indonesia. Walipomaliza hakuna aliyetokea. Walicheza mbele ya kamera za ulinzi, wapi! Ikabidi wapige simu nje wenyewe ndipo walinzi wakaja. (Mahakamani Liverpool baraza la wazee wa mahakama liliwaachia, lakini hiyo ni habari ya wanasheria.) Kamera zilikuwepo, macho hayakuwepo.

Kisa kinachonifundisha zaidi ni cha Marekani, Julai 2012, kwenye kituo cha Y-12 huko Oak Ridge, Tennessee, panapohifadhiwa urani ya silaha za nyuklia. Watu watatu, mmoja wao mtawa wa Kikatoliki mwenye umri wa miaka 82, walikata uzio mmoja baada ya mwingine usiku hadi kwenye ukuta wa ghala lenyewe. Ving'ora vililia. Lakini ving'ora vya pale vilikuwa na tabia ya kulia kwa sababu ya wanyama na upepo, kama mbwa anayembwekea kila mpita njia, na walinzi walikuwa wameshavizoea. Kamera iliyotakiwa kuonyesha ni nani ilikuwa mbovu kwa miezi. Mlinzi wa kwanza kufika aliona ni wazee wenye mabango na mkate, akaongea nao kwa utulivu, bastola ikabaki kiunoni. Huyo ndiye aliyefukuzwa kazi. Hadi leo naona walimfukuza mtu pekee aliyefanya kazi yake vizuri usiku ule.

Hapo ndipo ninapogombana na "wangelala chini palepale". Usiku, kutoka mita 80, mtungi wa rangi na bomu ni umbo moja. Tarehe 5 Januari 2020, Al-Shabaab waliingia uwanja wa ndege wa Manda Bay, uliotumiwa na jeshi la Marekani, huko Lamu, jirani zetu kabisa. Wamarekani watatu wakafa na ndege zikateketea. Mlinzi anayemkuta mtu akiwa tayari chini ya bawa hana nafasi ya kuuliza yeye ni wa Lamu au wa Oxfordshire. Atapiga risasi, tena pembeni mwa tangi la mafuta, na ninamwelewa. Lakini mtu huyohuyo akigunduliwa pale uzioni, bado ana uwanja mzima mbele yake, kuna wakati wa taa, wa kipaza sauti, wa "simama, wewe nani, mikono juu", wa gari kumkatia njia. Anayegunduliwa mapema ana nafasi ya kukamatwa akiwa hai. Anayegunduliwa kwa kuchelewa anaua au anauawa.

Kama ni bunduki tu, Entebbe ya 1976 ilikuwa nazo. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai, ya kwanza kati ya ndege nne za Hercules za Israeli ilitua kwenye uwanja wetu, Mercedes nyeusi ikashuka ikijifanya msafara wa Idi Amin, na lindo lilipoisimamisha ile gari, wageni walikuwa wameshafika karibu na jengo la mateka wa ndege iliyotekwa, waliokuja kuwaokoa. Askari wetu walipigana na wengi walikufa. MiG zilizokuwa zimeegeshwa zilichomwa zikiwa chini. Ndege kubwa ya kijeshi inatua, na wa kwanza kustuka ni askari wa lindo aliyesimama barabarani! Watu hukisimulia kisa hicho kama habari ya ushujaa wa makomando. Mimi nikikisoma naona habari ya kutogundua.

Waingereza wao walikimbilia sheria. Julai 2 Bunge lilipiga kura 385 kwa 26, na kuanzia Julai 5 kikundi kile kikawa kimepigwa marufuku chini ya sheria ya ugaidi ya mwaka 2000. Chini ya marufuku hiyo, kukiunga mkono kuliweza kukupeleka jela hadi miaka 14. Sisi huku, Juni hiyohiyo ya tukio la Brize Norton, Rais alitia sahihi marekebisho ya sheria ya UPDF, jeshi letu la Uganda, yanayorudisha raia kwenye mahakama za kijeshi kwa makosa fulani, miezi michache tu baada ya Mahakama ya Juu kusema hapana. Wanasiasa wabishane. Kwa mtu wa uzio, vyote hivyo vinatokea baada ya rangi kukauka.

Sitaandika kilichopo na kisichopo kwenye uzio wetu, msinitafute inbox. Nitasema tu kile ambacho kila anayepita barabara ya Kigungu jioni anakiona: ziwa liko karibu, nyasi zinaota haraka mvua ikinyesha, watoto wanashika waya wakihesabu ndege, na kalooli, wale korongo wakubwa, wanatua popote wapendapo. Ukiweka vihisi vya kugundua mtu bila kufyeka nyasi na bila kuvirekebisha visiwahesabu kalooli, ndani ya wiki moja utakuwa na Oak Ridge yako. Fyeka kwanza. Taa zifuate. Halafu yule anayetazama kamera abadilishwe kila nusu saa, maana jicho la binadamu likikodolea picha isiyosogea huchoka kabla mwenyewe hajajijua, na saa nane usiku hali ni mbaya zaidi. Hayo ni ya bei nafuu kuliko ukuta, na kwa sababu hayapigiwi picha siku ya uzinduzi, hakuna anayeyaombea bajeti.

Halafu kuna sikio. Lindo letu la usiku limezoea kusikiliza: pikipiki ikikaribia, unaijua ikiwa mbali. Sasa boda za umeme zimejaa Kampala na zinakuja huku, na hizo hupita karibu kimyakimya. Nikipewa ruhusa, zoezi la kwanza litakuwa hilo: kamanda amearifiwa, bunduki hazina risasi, kijana mmoja mwenye fulana inayong'aa juu ya boda ya umeme, saa nane usiku, nami nimeshika saa pembeni ya ndege nikisubiri kuona nani ananifikia kwanza.