Ualimu na ufasaha havikupi kazi ya tiba ya usemi
Nimeulizwa tena: "Dada, mimi ni mwalimu, Kiswahili na Kiingereza vyote navimudu, mbona shule za umma za huku Marekani hazinipi kazi ya tiba ya usemi?" Kwa sababu ualimu ni taaluma nyingine. Kuwa kwenye jengo moja hakutufanyi tuwe na kazi moja.

Njia ya kupata cheti cha ASHA, chama cha Marekani cha wataalamu wa usemi, lugha na usikivu, ni shahada ya uzamili, saa 400 za mafunzo kwa vitendo, mtihani wa Praxis, kisha wiki 36 za kazi ya kutwa chini ya msimamizi. Usikivu nao una watu wake: tangu 2012, ASHA haimpi cheti cha fani hiyo mwombaji asiye na shahada ya udaktari. Mimi, mtaalamu wa usemi, humvalisha mtoto vipokea sauti vya masikioni, nikampigia milio ya hezi 1000, 2000 na 4000 kwa desibeli 20. Huko ni uchunguzi wa awali tu. Asipoitikia, namwelekeza kwa mtaalamu wa usikivu.

Kinachonikera hasa ni watu kuchanganya karatasi. Cheti cha ASHA ni cha chama cha taaluma, wala si ruhusa ya serikali. Leseni hutoka bodi ya jimbo. Kibali cha shuleni hutoka idara ya elimu. Texas wanataka leseni. Ohio wanataka leseni pamoja na kibali. Sheria ya shirikisho ya elimu ya watoto wenye ulemavu, IDEA, imeyaachia majimbo yenyewe kupanga sifa, kwa hiyo ushauri wa binamu yako wa jimbo jingine unaweza kukupotezea ada ya chuo. Uliza jimboni kwako kwanza.

Hata hivyo, karatasi zote hizo hazijanitoa wasiwasi. Mtoto aliyetoka Kivu anaonyeshwa picha ya vitabu viwili, anajibu "two book", bila "s" ya wingi mwishoni. Kwenye fomu amekosa. Lakini Kiswahili chake huweka wingi mwanzoni, kitabu na vitabu, tena kalamu moja au kumi ni kalamu tu. Majaribio tuliyonayo hayakusanifiwa kwa watoto kama yeye. Basi namuuliza mama: akilinganishwa na ndugu zake, alichelewa kusema? Ukimtuma kwa jirani, ujumbe unafika? Majibu hayo nayaamini kuliko alama, na bado wapo watoto ninaowaamua kwa mashaka.

Hapo ufasaha wako unahitajika mno, kwa ukalimani. Ila nifikishie maneno ya mtoto jinsi yalivyotoka. Ukimnyooshea sentensi, sina tena cha kupima.