Je, wajua jinsi umri wa Homo naledi, jamaa wa kale wa binadamu, ulivyojulikana?

Fuvu lililobeba ubongo wa sentimita za ujazo 465 hadi 610, chini ya nusu ya wetu, huonekana la kale sana. Homo naledi alipotangazwa mwaka 2015, baada ya mifupa yake zaidi ya 1,500 kutolewa katika pango la Rising Star, Afrika Kusini, makadirio ya waliotazama umbo tu yalifika miaka milioni mbili na zaidi.

Umbo si kalenda. Ubongo mdogo, mabega ya mpanda miti na vidole vilivyopinda vilihesabiwa. Kifundo cha mkono na wayo, vinavyokaribia vyetu kabisa, vikapewa uzito mdogo. Mwili haubadiliki wote kwa mpigo: kiungo kimoja husonga mbele, kingine hubaki vilevile kwa mamia ya maelfu ya miaka.

Jibu lilitoka kwenye meno. Enameli, ganda gumu la jino, ni fuwele, na mionzi ya udongo unaoizunguka hung'oa elektroni, ambazo baadhi hunaswa humo. Ni mtungi chini ya bomba linalovuja: pima maji yaliyomo, pima kasi ya matone, gawanya, umepata muda. Tatizo ni kwamba jino hunyonya urani, ambayo nayo hutoa mionzi, kutoka maji ya pango, kwa hiyo bomba halikuvuja kwa kasi ileile siku zote. Ukidhani urani iliingia mapema, umri hupungua. Ukidhani imeingia juzijuzi, huongezeka. Ndiyo maana urani ya ndani ya jino lenyewe hupimwa pia, kuona imekwishageuka thori, elementi inayozaliwa urani inapooza polepole, kiasi gani. Pangoni kulikuwa na kikomo kingine cha umri: tabaka la chokaa lililoganda juu ya udongo wenye mifupa. Mifupa haiwezi kuwa michanga kuliko kifuniko chake.

Matokeo ya mwaka 2017: kati ya miaka 236,000 na 335,000. Jebel Irhoud, Moroko, kulikuwa na Homo sapiens wa awali, yaani watu wa aina yetu, miaka 300,000 hivi iliyopita. Afrika, basi, ilikuwa na zaidi ya aina moja ya binadamu kwa wakati mmoja. Dai kwamba Homo naledi walizika wafu wao bado linapingwa vikali. Lililo wazi ni usumbufu kwa wachimbaji: zana za mawe za kipindi hicho kusini mwa Afrika, zikiokotwa bila mifupa, haziwezi tena kukabidhiwa mwenye ubongo mkubwa moja kwa moja.